Kondoo Kumi na Tisa wa Bi Saumu

Kwa miaka ishirini na kitu nilisadiki, kwa moyo wangu wote, kwamba kondoo aliyezaliwa kisiwani Mombasa hawezi kuvuka daraja la Nyali akafika ng'ambo akiwa hai. Kuingia kisiwani huingia yeyote; kutoka ndiko hakuna. Akifika katikati, pale bahari inapoonekana kulia na kushoto, moyo wake hupasuka kama puto la harusi, naye huanguka papo hapo, miguu juu. Wala si kondoo wanyonge tu. Wote. Nilisadiki hivyo nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na mkoba wa sindano begani.

Mkitaka kucheka, chekeni. Nimestaafu juzi na mkoba nimeshaurudisha. Mwenzetu mmoja ofisini ameniomba niandike machache kwa ajili yenu mlioshika kazi sasa: tulifunzwa na nani, tulitumia vyombo gani, tulikosea wapi. Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Hayana ladha hata ukiyatia chumvi. Nitaandika ya kondoo. Na katika kondoo wote niliowashika maishani, ambao ukiwapanga mstari mmoja wangeanzia Makupa wakaishia Voi, wapo kumi na tisa wasionitoka moyoni. Walikuwa wa Bi Saumu wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale. Hawakuwa wagonjwa. Mimi ndiye niliyewamaliza, na sikuwadunga hata sindano moja.

Nilikuja mjini kutoka Rabai na jozi moja ya viatu, na hata hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha sakafu kwenye kichinjio. Jioni nilikwenda ngumbaru, masomo ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa kule Majengo, nikinuka damu na dawa ya kuoshea. Nilipewa benchi zima peke yangu. Hakuna mwanafunzi aliyetaka kunakili kwangu. Watoto wa mchana humaliza sekondari kwa miaka minne. Mimi nilitumia minane, kwa hivyo nikawa nikiwaambia watu kwamba nimesoma mara mbili yao. Wapo walioamini.

Katikati ya masomo hayo nilihamishiwa ofisi ya mifugo, kumbebea mkoba Mzee Kilonzo. Alikuwa Mkamba mrefu, mkimya, aliyevaa koti la kazi lililopigwa pasi hata siku ya kutibu upele. Siku ya kwanza alinionyesha kondoo mmoja akaniambia nimshike. Nilimrukia kama kipa. Kondoo akanivuta kutoka mlango wa boma mpaka mtaroni, nami nimeng'ang'ania manyoya ya mgongo.

Mzee Kilonzo hakucheka. "Hapo unamuumiza," alisema. "Ukimvuta manyoya, nyama ya chini inavilia damu. Mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine nyuma ya paja. Inua kidevu kidogo, kama unamuuliza swali."

Nikainua kidevu. Kondoo akasimama kimya akinitazama, kama kweli anatafuta jibu. Nimewashika hivyo tangu siku hiyo, na nyinyi nawaomba muwashike hivyo, hata kama kitabu chenu kimechora vingine.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na bomba la kunyweshea dawa ya minyoo, kisu cha kupunguzia kwato, sindano za kioo tulizozichemsha kwenye jiko la makaa, na pampu ya dawa ya kupe iliyovaliwa mgongoni. Pampu ile ilinivujia miaka mitatu mfululizo, na naapa hakuna kupe aliyethubutu kunigusa tangu hapo. Lakini chombo kikubwa cha Mzee Kilonzo kilikuwa daftari lenye jalada jeusi. Ndani yake aliandika alichokiona kwa macho yake. Mtu akimwambia mbuzi wake alikohoa jana, aliandika: "Mwenyewe asema alikohoa. Mimi sikusikia." Nilimwona mtu mwenye choyo cha maneno.

Yeye ndiye aliyenipeleka chamani. Kilikuwa Chama cha Wafugaji wa Kondoo na Mbuzi wa Kisiwani, jina refu kuliko boma la mwanachama yeyote. Watu wa bara hushangaa nikiwaambia kisiwani kuna wafugaji, na nyasi hakuna. Walikuwepo, na wengine wapo. Majengo, mtu alikuwa na mbuzi wawili nyuma ya jiko. Mji wa Kale, kondoo walilala chumba cha chini, karibu na mlango. Asubuhi walifunguliwa wakazunguka vichochoroni kula maganda na makombo, na ikikaribia Magharibi kila mmoja alirudi mlangoni kwake bila kuitwa.

Tulikutana Jumamosi asubuhi katika uwanja mdogo Majengo. Hakuna aliyelipwa. Kazi za kujitolea ziligawanywa kwa zamu: kufagia vinyesi vichochoroni majirani wasinung'unike, kutafuta mnyama ambaye hakurudi, kuchanja, kukagua. Idi ya kuchinja ikikaribia tulikaa uwanjani siku tatu, na yeyote aliyenunua kondoo alimleta tumkague: meno yaonyeshe umri umetimia, asichecheme, asiwe chongo. Mimi ni Mkristo, lakini meno ya kondoo hayana dini. Nimefungua midomo mingi kuliko daktari wa meno yeyote pwani hii.

Chama pia kilikuwa na dume mmoja wa mbegu, aliyeitwa Bwana Harusi, aliyezunguka nyumba hadi nyumba, wiki moja kila mahali. Kumhamisha ilikuwa zamu yangu. Nilimtembeza kutoka Majengo hadi Kuze nimemshika kidevu, katikati ya watu wanaokwenda sokoni, na walitusalimu wakianza na yeye. "Bwana Harusi, hujambo? Na huyo mpambe wako hajambo?"

Mwisho wa safari hiyo mara nyingi ulikuwa kwa Bi Saumu. Alikuwa mjane mwembamba ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Kondoo wake walikuwa wa rangi ya tende, kila mmoja na baka jeupe pajani, ukoo mmoja uliotoka kwa mama yake, na mama yake akaupata kwa nyanya yake. Kila mmoja alikuwa na jina. Aliwaita kwa majina wakaja, na mimi nilipojaribu kuwaita walinitazama kama mkusanya kodi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa pili, na wala hakuona haya kunikanya mbele za watu. Mwaka wangu wa kwanza chamani nilisimama nikapendekeza tuwatie kondoo alama kwa kuwapasua masikio, kama wafanyavyo bara, ili wasichanganyike vichochoroni. Nilikuwa nimekwisha kunoa kisu.

"Weka kisu hicho!" Bi Saumu alisema. "Ukimpasua sikio, nani atamchinja Idi? Kondoo wa Idi hutakiwa mzima. Wataka kutuharibia kondoo wa kisiwa kizima kwa siku moja?"

Uwanja mzima ulicheka. Tukatumia rangi: buluu kwa Kuze, nyekundu kwa Majengo.

Mara nyingine Mzee Kilonzo yuko safari, nikaitwa Kuze peke yangu. Jike mmoja alikuwa akizaa, na mtoto amekwama, kichwa na mguu mmoja nje, mguu wa pili umekunjika ndani. Nikashika nikaanza kuvuta.

"Usivute!" Bi Saumu akanipiga mkono. "Kata kucha kwanza. Nawa kwa sabuni. Haya, tia mafuta. Sasa mrudishe ndani."

"Nimrudishe ndani? Si tunataka atoke, Bi Saumu?"

"Wewe ukikwama mlangoni na sanduku, wasukuma mbele au warudi nyuma kulinyoosha? Mrudishe. Litafute goti. Umelipata? Likunjue pole pole."

Nililipata goti, nikalikunjua, na mtoto akatoka mzima, akatikisa masikio. Nilihadithia jambo hilo miaka mingi. Katika hadithi yangu watoto walikuwa watatu, na Bi Saumu alikuwa ameshika taa tu.

Sasa nije kwenye uvumi wenyewe. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Shee, muuza mkaa, mtu mcheshi mwenye gari bovu la kubebea magunia. Jumamosi yangu ya kwanza kabisa, Mzee Kilonzo alikuwa akipitia daftari lake la wanyama, mmoja mmoja. Akafika kwa Mzee Shee.

"Yule dume wako mwekundu yuko wapi?"

"Amekufa," Mzee Shee akajibu. "Nilikuwa nampeleka Kisauni, achinjwe akika ya mtoto mchanga wa dada yangu. Amefia darajani."

"Alikuwa na nini?"

Mzee Shee akamtazama Mzee Kilonzo, akautazama na mkoba wa serikali niliokuwa nimeubeba. "Moyo," akasema. "Kondoo mzawa wa kisiwani havuki daraja. Akiona bahari chini yake, moyo hupasuka. Wazee wote wajua."

Wazee kwenye benchi waliitikia kwa vichwa, kwa heshima kubwa. Bi Saumu alikohoa ndani ya leso. Mzee Kilonzo akaandika: "Mwenyewe asema alikufa darajani kwa moyo. Sikuona." Mimi nikaandika kwa herufi kubwa, moyoni, na sikufuta.

Mtauliza imekuwaje mtu wa mifugo asadiki jambo kama hilo miaka yote hiyo. Fikirini kidogo. Nani hutoa kondoo kisiwani? Kisiwa hula. Malori huwaleta kutoka Tana na Taita, wakishushwa huchinjwa, na hao wachache wanaozaliwa hapa huchinjwa hapa hapa. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuona kondoo hata mmoja akitoka. Wala sikutafuta. Nilichukua hilo kuwa ndio ushahidi: kama wangeweza kutoka, si wangetoka?

Nami nilikuwa na ugonjwa wangu, mnaujua. Kitu kikipita mdomoni mwangu hunenepa. Kondoo mmoja wa Mzee Shee, kwangu alikuwa watatu kabla ya mwaka kwisha. Baadaye wakawa kumi na wawili, lori zima, na dereva akazimia. Siku moja nilikuwa nikimhadithia karani mpya ofisini, Mzee Kilonzo akainua kichwa.

"Uliona?"

"Mzee, kila mtu anajua habari hiyo."

"Sikukuuliza kila mtu. Kwetu kondoo huvuka mito."

"Mto si bahari, Mzee."

Akarudi kwenye daftari lake. Muda si mrefu alistaafu, akarudi kwao Machakos. Aliniachia kisu cha kwato. Daftari alikwenda nalo, na mimi sikununua langu. Nilijiambia nina kichwa kizuri.

Nilipomaliza ngumbaru nikasomea afya ya mifugo, nikarudi na cheti. Chama kilinifanyia karamu ya biriani. Kuanzia siku hiyo niliitwa daktari, jina ambalo sikulistahili na ambalo sikulikataa. Nikaona uvumi wa daraja nao unastahili kusomeshwa. Nikaupa sababu. Kondoo wa kisiwani, nilieleza, hunywa maji ya visima vyetu yenye chumvi, damu yake ikawa nzito. Akipanda darajani hewa ni nyepesi. Basi moyo wa chumvi husukuma damu nzito ndani ya hewa nyepesi, hauwezi. Nilichapisha ukurasa mzima kwa mchapaji, jina langu chini na cheti pembeni ya jina, tukaubandika kwenye ubao wa chama. Kila neno lilikuwa limetoka darasani. Nilichokosa ni kuyapanga kwa ukweli tu.

Ilinidhuru zaidi kwamba jambo lililofuata nililipata sawa. Wanachama wa Majengo walikuwa na desturi ya kuwapeleka wanyama Kibarani, wakati ule bado ni jaa la taka. Mbuzi na kondoo walirudi matumbo yamejaa, wamenenepa kwa kuwatazama, kisha wakaacha kula na kufa. Tulipasua mmoja mbele ya wenyewe, nikatoa majuala, mifuko ya plastiki, kutoka tumboni, yamesokotwa kama kamba ya meli. Nikisema yalikuwa ya kutosha kufunika uwanja wa mpira, mpunguze nusu. Bado yalikuwa mengi. Jumamosi saba tulipita nyumba kwa nyumba, sisi wa kujitolea, kuwasihi watu wasiwapeleke tena. Wengine walitutukana. Lakini walionisikiliza, wanyama wao walipona, na jaa lilipofungwa na kupandwa miti watu walisema, "Daktari alisema tangu zamani." Tokea hapo hakuna aliyenibishia. Nilikuwa nimesahau kwamba zamani walinibishia, na kwamba hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Basi Bi Saumu akaja na shida yake. Nyumba ya Kuze ilikuwa ya urithi, na watoto wa nduguze walitaka chumba cha chini kiwe duka. Hawakumfukuza, walimpa mwezi mmoja awatafutie kondoo mahali pengine. Mahali palikuwepo. Mpwa wake alikuwa na shamba Mtopanga, lenye nyasi, kisima na banda tupu, na alikuwa radhi kuwachukua wote kumi na tisa. Kilichobaki ni kuwavusha daraja la Nyali. Akaja Jumamosi kuomba wa kujitolea wa kumsaidia.

Mzee Shee alikuwa amezeeka, yuko kwenye kiti chake. Bi Saumu akaeleza. Watu wawili wakainua mikono wapate kwenda naye. Hapo ndipo niliposimama.

"Bi Saumu, hawa utawaua."

"Nitawaua vipi, daktari? Ni mwendo wa asubuhi moja."

Nikageukia ubao. Nikasoma ukurasa wangu wote, pole pole, na maneno ya darasani nikayaeleza moja moja. Nikawatajia wale kumi na wawili wa lori. Mtu akauliza kama njia ya Makupa, ile ya kwenda bara, haifai, nikamwambia maji ni maji. Mwingine akauliza itakuwaje wakifungwa macho. "Moyo hauoni kwa macho," nikamjibu, na nilijipendeza sana kwa jibu hilo. Nilimtazama Mzee Shee aniunge mkono. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mwenyekiti, si ndivyo?"

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Watu wawili wale wakashusha mikono.

Mkutano ulipovunjika Bi Saumu alinifuata mpaka mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mwanangu, una hakika? Hata nikiwapeleka wawili wawili?"

"Hata ukiwabeba mgongoni, Bi Saumu. Bora uwauze wakiwa wazima."

Akawauza. Muuza nyama aliwachukua kwa wiki moja, wachache wachache, na mimi nilijitolea kwenda kuwapakia kwa sababu nilijiona namsaidia. Nilimshika kila mmoja kwa upole, kidevu juu. Bi Saumu alisimama kwenye ngazi akiniambia majina yao ili nisikosee kuwaaga. Wa mwisho alikuwa jike mwenye mimba. Nikamwambia yule muuza nyama huyu ana mimba. Akasema atamchukua hata hivyo. Bi Saumu akaingia ndani akachukua maji, akaosha kizingiti, ingawa hakikuwa kichafu.

Hakurudi chamani tena. Kwanza nilisema ni huzuni, itapita. Lakini wanawake wa Mji wa Kale walikuwa wakija kwa sababu yake, nao wakapungua. Hapakuwa na mtu wa kuamka kuzalisha, na wa kuniambia nikate kucha. Bwana Harusi alizeeka, hatukununua mwingine. Mzee Shee alifariki, nikawa mwenyekiti wa viti vitupu. Siku hizi chama ni ubao uliofifia rangi, na watu wanne tunaosalimiana tukikutana.

Nilipostaafu nilizunguka kuaga, na nikafika Kuze. Duka la chini linauza vifuniko vya simu. Nikapiga hodi, nikaitwa juu.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo uketi. Wanambia wamekutoa kazini?"

"Umri umenitoa."

"Alhamdulillahi. Wenzako wametolewa na ng'ombe."

Tukacheka. Akanimiminia kahawa, akanikatia mkate wa sinia. Tukawataja wa zamani, Mzee Kilonzo na koti lake, Bwana Harusi na kiburi chake. Nilistarehe, na nikistarehe huwa nasema. Nikamwambia kwamba katika kazi yangu yote jambo lililoniuma ni kondoo wake, lakini angalau tuliwaepusha na kifo kibaya. Angalau hawakufia darajani.

Bi Saumu akaweka kikombe chini. "Tsuma," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Wewe mpaka leo wasadiki neno lile?"

"Lakini kondoo wa Mzee Shee..."

"Kondoo wa Shee, Mungu amrehemu, alifungwa miguu minne akalazwa ndani ya gari la mkaa, akafunikwa magunia asionekane. Saa saba ya mtana. Shee hakuwa amechukua kibali cha kumhamisha. Kufika darajani magari yamesimama, jua kali, na yule chini ya magunia. Nyinyi mkaja na daftari lenu na mkoba wenu wa serikali mkamuuliza amekufaje. Wataka aseme nini? Akasema lililomjia."

"Na wale wazee kwenye benchi?"

"Walijua wote. Mimi nilitafuna leso nisicheke. Twalisema kwa kukuficha wewe na Kilonzo, tukadhani litakwisha siku ile ile. Kilonzo alijua, mtu mzima yule. Wewe ukaondoka nalo."

Nikamuuliza kwa nini siku ya mkutano hakunikanya, kama alivyonikanya nilipotaka kupasua masikio.

"Ulipotaka kupasua masikio ulikuwa kijana wa kubeba mkoba," alisema. "Siku ile ulikuwa daktari. Umebandika karatasi ubaoni, imechapishwa, mimi siisomi. Shee naye akaona haya kujiumbua mbele ya watu. Nikasema labda uongo wa Shee umebahatika kuwa kweli, na huyu amekwenda kusoma ameukuta vitabuni. Nikakufuata mlangoni, nikakuuliza mara ya pili. Ukanijibu."

"Bi Saumu, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Hukunichukia, ulinipenda, ndiyo sababu nilikusikiliza." Akanisogezea mkate. "Lakini usiende kuwafunza wenzako neno lile. Mwaka jana mpwa wangu alinunua jike nyumba ya pili hapa, mzawa wa papa hapa Kuze, akamtembeza kwa miguu mpaka Mtopanga. Yuwala nyasi. Amezaa pacha. Kondoo huvuka daraja, mwanangu. Yule wa Shee alikosa pumzi."